Mtani Asiyefika Msibani

Mgeni asiyejua mila za huku Morogoro akipita kwenye msiba wa Kiluguru anaweza kudhani kichaa kavamia watu. Wafiwa wanalia, na katikati yao kuna mtu kavaa koti la marehemu, anaiga mwendo wake, anadai alipwe deni ambalo marehemu hakuwahi kukopa. Kaburi likishachimbwa anaweza kuruka ndani akagoma kutoka mpaka apozwe na chochote. Watu wanatoa hela huku wanacheka, na machozi hayajakauka mashavuni. Huyo ni mtani. Na yeye huyohuyo anayewakera ndiye wa kubebeshwa kazi ambazo ndugu wa damu, kwa uchungu au kwa mwiko, hawezi kuzishika.

Mwaka 1963 mwanaanthropolojia James Christensen alichapisha makala kuhusu utani wa Waluguru, na katika kichwa chake aliweka mambo matatu pamoja: mizaha, ruhusa ya mambo ya faragha, na wajibu. Ninavyoona mimi, tumebaki na mawili ya kwanza. La tatu limetuponyoka, na ndiyo maana mabishano yetu ya leo juu ya utani wa makabila hayafiki popote.

Mabishano yenyewe yanajulikana. Mchekeshaji akiwasema Wachaga na fedha, Wapare na ubahili, Wahaya na majivuno, au Wazaramo na ngoma, upande mmoja utasema aachwe, utani ndio uliotuunganisha Watanzania. Upande wa pili utasema huo ni ukabila uliovalishwa kanzu. Wote wanahukumu maneno. Mimi ningeuliza kwanza: nani anamwambia nani, na wanadaiana nini?

Kwa Waluguru utani uko ngazi mbili. Kuna wa lukolo kwa lukolo, yaani ukoo kwa ukoo, ndani ya milima ya Uluguru. Kisha kuna wa kabila kwa kabila, na huu ukitaka kuuelewa uitazame njia ya misafara. Kabla reli haijafika Morogoro mwaka 1907, wapagazi wa Kinyamwezi walishuka kutoka Tabora na pembe za ndovu begani, wakapita chini ya Uluguru kuelekea Bagamoyo. Msafiri Henry Morton Stanley alipita hapa mwaka 1871 na kuukuta mji wa Simbamwene, uliojengwa na mtawala Kisabengo, umezungushiwa ukuta. Sasa fikiria mpagazi aliyeshikwa na homa hapo, kwao ni mwendo wa majuma kadhaa. Nani atampa maji? Akifa, nani atamzika? Wanyamwezi wakawa na watani katika njia yote hiyo hadi pwani, na mtani alikuwa bima ya msafiri. Matusi yalikuwa stakabadhi yake.

Wengine walifika kwenye utani kwa njia chungu zaidi. Wangoni na Wahehe walipigana kati ya 1878 na 1882, wakachoka, baadaye wakawa watani. R. E. Moreau, aliyeandika juu ya utani wa Tanganyika miaka ya 1940, aliona habari za vita vya zamani zikijitokeza katika maelezo ya watu. (Moreau alikuwa mtaalamu wa ndege pale Amani, Usambara. Labda aliyezoea kusikiliza milio alitambua upesi kwamba kelele nyingine ni za kupatana.) Ninalotaka lishikwe hapa ni mpangilio wa mambo. Watu walianza kwa kumaliza ugomvi au kufunga biashara, ndipo wakataniana. Anayetaka kuanza na mizaha ili amani ifuate ameshika jembe kwa upande wa makali.

Mizaha yenyewe, ikiwa ya watani kweli, hubeba elimu. Kwa Waluguru mtoto ni wa lukolo la mama, na ardhi ya ukoo hufuata njia hiyohiyo. Mtani kutoka Usukuma, ambako mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, anaweza kumuuliza Mluguru: ng'ombe wenu wangesimama wapi kwenye miteremko hii, wakifungwa kamba wasiporomoke? Atajibiwa kwamba kwao mwanamke hauzwi kwa mkia, na mume asipojiangalia atabaki mgeni nyumbani kwake. Ndani ya vicheko hivyo viwili mmepitia sheria ya ndoa, urithi na jiografia. Tena jibu limerudi. Utani usio na jibu umekosa mguu mmoja, ndiyo maana bosi anayelitania kabila la mhudumu wake ofisini hana haki ya kuuita utani. Mhudumu atajibu nini, na mwisho wa mwezi unakaribia?

Nisiupake sukari. Ile ruhusa ya mambo ya faragha iliwaelemea zaidi wanawake. Mwanamume aliweza kumshika mtani wake wa kike mbele za watu na yeye akatakiwa acheke. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 haina kifungu cha mtani, na sioni sababu ya kukililia.

Wala utani haukufika kila mahali. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, mkoa huuhuu wa Morogoro, wakulima 38 waliuawa na wapiganaji wa Kimaasai. Mkulima na mfugaji walikuwa wamesemana kwa miaka: huyu mvivu anayetembea na fimbo, yule mroho anayelima hadi njia ya maji. Maneno hayo hayana tofauti kubwa na yale ya watani. Lakini kati yao palikuwa na bonde lenye maji wakati wa kiangazi, mifugo iliyoingia mashambani, na malalamiko juu ya viongozi waliotuhumiwa rushwa. Sijawahi kusikia mkulima wa Kilosa akidaiwa kumzika mfugaji, wala kinyume chake. Kuwataka wataniane kabla ardhi haijagawanywa kwa haki ni kuwadhihaki wote wawili.

Wakenya walijaribu dawa nyingine. Baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 zilizoua zaidi ya watu 1,100, waliunda Tume ya Taifa ya Uwiano na Utangamano, na Aprili 2022 tume hiyo ikatoa orodha ya maneno ya kuepukwa wakati wa uchaguzi. Mojawapo lilikuwa "madoadoa". Neno hilo kwa chui halina kosa lolote. Lakini mahali ambapo watu wa makabila mengine waliambiwa waondoke kwa sababu wao ni madoa, hata neno la mtoto huota meno. Siilaumu tume. Ila kufuta neno hakumpi jirani wajibu wowote kwa jirani.

Waingereza nao wana mchezo wao. Wa kaskazini humwona wa kusini laini na mkavu wa salamu; wa kusini humwona mwenzake mshamba. Wanacheka, yanapita. Lakini mtu wa Manchester hadaiwi kuosha maiti ya mtu wa London. Kwetu hata Simba na Yanga tumewaita watani wa jadi, na neno limekubali kwa shida, maana sijui ni nani anayechimba kaburi la nani.

Hapo ndipo ninapokwama ninapotazama makundi ya WhatsApp. Kabila la mtu hutajwa asubuhi hadi jioni, video ya dakika moja inazunguka nchi nzima, na anayecheka hajui hata jina la anayechekwa. Hata mtani wa kweli, yule wa lukolo, siku hizi huenda yuko Dar es Salaam au Mwanza. Taarifa ya msiba humfikia mapema kuliko zamani. Hutuma ubani kwa simu, pengine na mzaha mmoja uliorekodiwa ili wafiwa wausikilize. Wanausikiliza, wanatabasamu. Koti la marehemu limetundikwa ukutani, hakuna wa kulivaa.