Maarifa ya Umma Yasifungiwe Kabatini

Iko kasumba moja mbaya inayoendelea kuota mizizi katika ofisi za umma, nayo ni ile ya mtumishi kuyageuza maarifa ya kazi kuwa mali yake binafsi. Mtumishi wa namna hiyo akihamishwa kutoka Kahama kwenda Bukombe, huondoka na yote aliyoyajua. Anayempokea hukuta majalada kumi yenye jina moja, kila moja likidai kuwa ndilo la mwisho. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Maarifa nayo ni mali.

Wapo watakaojibu upesi kwamba tatizo hilo limekwisha kwa kuwa kompyuta zimefika. Jibu hilo halitoshi hata kidogo. Programu ya kutumiana majalada, ikiwa peke yake, ni kabati lile lile lisilo na vumbi. Mtumishi huchukua nakala, huisahihisha pembeni, kisha huirudisha ikiwa nakala ya pili. Watano wakifanya hivyo, ofisi ina nakala tano na haina ukweli hata mmoja. Kinachokosekana ndani ya kabati hilo ni ukurasa wa pamoja, ule uitwao wiki.

Neno hilo halihusu siku saba. Limetoka katika lugha ya Hawaii, ambako maana yake ni upesi, na Mmarekani Ward Cunningham ndiye aliyelitumia mwaka 1995 alipoanzisha kurasa ambazo wasomaji wenyewe waliweza kuzisahihisha. Katika programu za leo kanuni yake ni nyepesi: ukurasa ni mmoja, waandishi ni wengi, na kila badiliko huhifadhiwa pamoja na jina la aliyelifanya na saa aliyolifanya. Kosa likiingia, ukurasa hurudishwa ulivyokuwa. Wikipedia ya Kiswahili imejengwa kwa kanuni hiyo tangu mwaka 2003.

Haja yake iko wazi. Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012 kwa kumega Mwanza, Shinyanga na Kagera. Kwa hiyo kumbukumbu za shule, ardhi na maji za mkoa mmoja zina mizizi katika mikoa mitatu. Nao walimu, tangu utekelezaji wa mtaala mpya ulipoanza mwaka 2024, mmoja Nyang'hwale na mwingine Msalala huweza kukesha wakiandaa azimio la kazi la somo lile lile, kila mmoja peke yake. Huo si uchapakazi. Ni upotevu wa nguvu za taifa.

Wananchi wa Shinyanga hawahitaji kufundishwa ushirikiano. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliirudisha miti katika nchi iliyokuwa ikigeuka jangwa kwa kutegemea ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho. Mwaka 2002 ulipata Tuzo ya Ikweta. Ngitili haikubuniwa na mtaalamu mmoja mezani. Kila kizazi kiliongeza alichokiona na kuacha kilichoshindwa. Wakulima waliweza. Wasomi wanashindwaje?

Wakubwa wengine husingizia siri. Ni kweli kwamba majalada ya siri yana mahali pake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 sharti iheshimiwe. Lakini utaratibu wa kuomba kibali cha uchimbaji mdogo, au maelekezo ya usalama kuhusu zebaki, ni siri ya nani? Wengine huhofia kwamba kila mtu ataandika ovyo. Hao wakumbuke kuwa karatasi ikinyofolewa jaladani haisemi nani aliyeinyofoa. Ukurasa wa wiki husema.

Hoja ya umeme na mtandao hafifu ndiyo yenye uzito. Kwa sababu hiyo kurasa ziwe nyepesi, zisomeke kwa simu, na zichapwe kwa ajili ya shule za mbali. Aidha, kuongeza wiki katika programu ni nusu tu ya kazi. Ukurasa usio na mlezi huoza kama jalada lolote. Kila idara imteue mtu wa kuutunza, na kazi hiyo ihesabiwe katika utendaji wake.

Mshahara wa mtumishi hulipwa na umma, na aliyojifunza kazini ameyajifunza kwa gharama ya umma. Kuyaficha ni dhuluma. Makabati na yafunguliwe!