Kumwuliza Mwanafunzi kama Ameridhika

Wengi wenu vijana mnasoma katika vyuo vikuu vya Lubumbashi, Bukavu, Goma au Kisangani, na wengine mnajitayarisha kuingia humo baada ya mtihani wa Serikali. Huenda siku moja mtapewa karatasi yenye maswali: je, umeridhika na maktaba? Na ofisi ya uandikishaji? Na maji, umeme, vyoo na mabweni? Mtatakiwa kuchagua namba kati ya 1 na 5. Wengi hujaza upesi na kusahau. Sisi twaona kwamba karatasi hiyo ni jambo zito, na kwamba sherti ijazwe kwa akili iliyo macho.

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkuu wa chuo aweza kusoma ripoti nyingi, lakini anayejua kama bomba la bweni latoa maji ni yule anayelala humo. Kwa hiyo kumwuliza mwanafunzi ni haki, wala si hisani. Tatizo letu si swali lenyewe, bali namna linavyoulizwa na linavyopokewa.

Vipimo hivi vina historia. Namna ya kujibu kwa ngazi tano ilienezwa na Mmarekani Rensis Likert tangu mwaka 1932. Mwaka 1988 wataalamu watatu, Parasuraman, Zeithaml na Berry, walitoa kipimo kiitwacho SERVQUAL, chenye hoja 22. Walikitunga kwa kuchunguza biashara kama benki na simu. Baadaye kikachukuliwa na vyuo vikuu vya nchi nyingi. Kipimo hicho hutazama mambo matano: majengo na vifaa vinavyoonekana, kutimiza yaliyoahidiwa, wepesi wa kumsaidia mtu, ujuzi na adabu ya wahudumu vinavyomtia mtu imani, na kumjali kila mtu kwa hali yake. Mwanafunzi huulizwa mara mbili: ulitarajia nini, na umepata nini? Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo kipimo cha huduma.

Hapo ndipo twasimama na kutafakari. Kijana aliyesoma shule ya sekondari isiyo na maktaba, akaandika kwa mwanga wa kibatari, akifika chuoni hutarajia kidogo sana. Akikuta kabati moja la vitabu vya zamani, ataona amepata kuliko alivyotumaini. Ataandika 4 au 5. Karatasi itasema kwamba maktaba yetu ni nzuri, kumbe kilichopimwa ni umaskini wa matumaini yake. Mtu aliyezoea kunyimwa huridhika upesi. Namba kubwa, basi, si ushahidi wa huduma njema.

Kuna hatari nyingine. Biashara hufurahi mnunuzi anapofurahi. Lakini mwanafunzi si mnunuzi tu, ni mfanyakazi mwenza wa elimu yake. Sisi tuliosomea ualimu twajua kwamba somo gumu huenda lisipendwe leo, likashukuriwa baada ya miaka kumi. Mwalimu anayegawa pointi bila kusahihisha aweza kusifiwa kuliko anayerudisha kazi ikiwa imejaa wino mwekundu. Chuo kikitafuta sifa tu, kitajifunza kubembeleza badala ya kufundisha.

Uingereza yatupa fundisho. Tangu mwaka 2005 wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa vyuo vya huko huulizwa maoni yao katika uchunguzi wa kitaifa. Matokeo hutangazwa, na hilo ni jema. Lakini yalipohusishwa na mpango ulioweza kuruhusu vyuo kupandisha karo, chama cha kitaifa cha wanafunzi kiliwahimiza wenzao mwaka 2017 waususe uchunguzi huo. Katika vyuo kadhaa, Oxford na Cambridge vikiwamo, waliojibu hawakufika nusu. Tena mwaka 2023, kwa wanafunzi wa England, swali la jumla la kuridhika liliondolewa. Yakabaki yale yanayouliza jambo moja moja.

Nasi twapendelea maswali ya namna hiyo. Badala ya kuuliza «Umeridhika na ofisi?», iulizwe: ulingoja siku ngapi kupata karatasi ya pointi zako? Je, uliombwa franga zisizoandikwa kwenye risiti? Maktaba ilikuwa wazi ulipofika? Ulilazimishwa kununua nakala ya somo ili upate pointi? Mtu aweza kuzoea dhuluma hata akairidhia. Lakini siku alizongoja zahesabika.

Mambo haya yamekuwa mazito zaidi tangu mwaka wa masomo 2021-2022, mfumo wa LMD ulipoanza kuenea katika vyuo vya nchi yetu. Katika mfumo huo saa za kazi binafsi za mwanafunzi huhesabiwa pamoja na saa za darasani. Basi umeme, intaneti na vitabu si starehe tena: ni sehemu ya somo. Anayemhesabia mwanafunzi saa za kujisomea bila kumpa mahali pa kujisomea amemtoza deni lisilo lake.

Tena, nani anaulizwa? Aliyeacha masomo kwa kukosa minervali hayupo darasani siku karatasi zinapogawiwa, ilhali yeye ndiye mwenye neno kubwa kuliko wote. Na aliyepo, je, ni huru? Karatasi ikikusanywa na mwalimu yuleyule, kabla ya pointi kutangazwa, katika darasa la watu kumi na wawili ambao hati zao za mkono zajulikana, nani atathubutu kuandika 1?

Twadai basi mambo matatu kwa wanaopima: jina la anayejibu lisijulikane, matokeo yabandikwe mahali pa wote, na kabla ya kuuliza tena, chuo kieleze ni nini kilichobadilika tangu mara ya kwanza. Kumwuliza mtu maumivu yake kila mwaka bila kumrudishia jibu ni kumdharau.

Nanyi vijana mna wajibu wenu. Msimwadhibu mwalimu mkali kwa karatasi isiyo na jina, wala msimsifu mlegevu. Msiandike 5 ili mtoke upesi. Katika mkutano ujao wa kikundi chenu, walio chuoni wawaeleze wadogo zao ni huduma gani mwanafunzi ana haki ya kuzipata. Anayeingia chuoni akijua haki yake atajibu swali kwa kipimo cha haki hiyo, si kwa kipimo cha mazoea.