Hesabu Kwanza, Bomba Baadaye

Usiku wa Agosti 21, 1986, Ziwa Nyos la Kameruni lilifumua hewa ya ukaa iliyokuwa imefungika katika maji yake ya chini. Watu wapatao 1,700 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa usingizini. Msiba huo uliifundisha dunia kwamba ziwa lenye kina lina matabaka, na usalama wake ni kila tabaka kukaa mahali pake.

Ndugu zetu wa Ziwa Kivu, baina ya Rwanda na Kongo, wanaijua hatari hiyo. Mtambo wa KivuWatt, uliozinduliwa mwaka 2016, huvuta maji ya kilindini, huyatoa gesi ya methani ya kufulia umeme wa megawati 26 hivi, kisha huyarudisha ziwani kwa bomba. Hapo ndipo penye kazi. Yakirudishwa juu mno, hupandisha sumu ya chini ikadhuru samaki. Yakitoka kwa kasi isiyopimwa, hukoroga matabaka yaliyo kufuli ya ziwa. Kwa hiyo wataalamu huliiga ziwa kwanza ndani ya kompyuta: hubadili kina cha bomba, mdomo wake na kasi ya maji, hata wapate njia yenye madhara machache. Kosa la kompyuta hufutika. La ziwani halifutiki.

Ziwa letu la Nyasa halina shehena ya gesi kama ya Kivu, wala hatukusudii kumtisha mtu. Lakini kina chake ni mita 700 hivi, na chini ya mita 250 hivi maji hayana hewa ya kumfaa samaki. Usipa na mbasa wetu hutegemea tabaka la juu tu. Wazee wa Maguu waliyatuliza maji ya mvua kwa ngolo, wakijaribu shambani kizazi baada ya kizazi. Ziwa halitupi nafasi hiyo ya kujaribu.

Tunatoa wito kwa viongozi wa Mbinga na Nyasa: bomba la maji machafu, liwe la mji, la mgodi au la kiwanda cha kahawa, lisipewe kibali kabla ya hesabu hiyo kufanywa na kuelezwa kwa Kiswahili mbele ya wavuvi wa mwambao na wa visiwani. Nao wasikilizwe, kwani wanaujua mwera na mikondo, mambo ambayo kompyuta haiyajui mpaka iambiwe.

Maji yakimwagika hayazoleki.