Dhuluma kwa wanahabari wa michezo zinaleta maradhi

Sisi wa Shianda tukienda uwanja wa Bukhungu, Kakamega, kutazama kandanda, humwona mwanahabari mwanamke akitafuta habari katikati ya wanaume. Akishikwashikwa au kutupiwa maneno machafu, wako watakaocheka wakisema ndiyo mambo ya michezo.

Hata kamera haimkingi. Mwaka wa 2018, wakati wa Kombe la Dunia nchini Urusi, Julieth González Therán wa Colombia alishikwa na kubusiwa kwa nguvu na mwanamume akitangaza moja kwa moja.

Mwanamke anayeenda kazini kwa hofu hukosa usingizi, huumwa na kichwa na tumbo, na presha yake huweza kupanda. Tembe zitatuliza maumivu tu, kwani chanzo kiko kazini.

Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya kuzuia dhuluma za kimapenzi. Lakini mwandishi wa mashinani anayelipwa kwa kila habari hana hata barua ya ajira. Mhariri anayenunua habari zake ni lazima amlinde kwa sera hiyo hiyo, na asikilize malalamiko yake bila kumnyima kazi.

Nawe dada, ukinajisiwa, usingoje. Fika hospitalini upesi, kabla ya saa 72 kupita, upewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi.