Nakhon tena, hata mkininunia

Najua nimekuwa kimya tangu mitihani ianze, na kuna mtu kanitumia ujumbe akiuliza kama nimerudi Bongo bila kuaga. Nipo bwana, hapahapa Bangkok, chumba kilekile cha hosteli, na feni ileile inayolia kama mashine ya kusaga. Leo sina stori za darasani. Leo nina hoja, na naomba muisome mpaka mwisho kabla ya kuanza kunirushia mawe.

Ijumaa hii sisi Waswahili wa hapa chuoni tunakaa kupiga kura kuhusu safari ya likizo. Kwa ninavyosikia jikoni na kwenye ngazi, wengi mnataka Phuket. Mie nasema turudi Nakhon Si Thammarat. Haya, chekeni kwanza. Najua safari ya mwaka jana niliipanga mie, na najua iliisha vipi: usiku kucha kwenye treni na watu hawasemeshani.

Kwa ambao hamkuwepo, Nakhon ni mkoa wa kusini, upande wa Ghuba ya Thailand. Unapanda treni jioni pale stesheni kubwa mpya ya Krung Thep Aphiwat, unalala, asubuhi unaamkia kwenye minazi na migomba. Ni kilomita kama 800. Matangazo ya utalii yanauuza mkoa huu kwa maneno matatu tu, mahekalu, fukwe na maporomoko, utadhani ni bidhaa kwenye rafu tatu za duka. Siyo uongo, vyote vipo. Na mie niliwauzia safari kwa maneno hayohayo matatu. Hapo ndipo nilipokosea, nitaeleza mbele.

Mji wenyewe una umbo la ajabu, mrefu na mwembamba kama mwiko. Sababu ni kwamba mji wa kale ulijengwa juu ya tuta la mchanga lililokuwa ufukwe enzi hizo. Bahari imerudi nyuma kilomita kadhaa, tuta limebaki, na mji ukarefuka juu yake kaskazini hadi kusini. Kwa hiyo ukitembea kwenye barabara ya Ratchadamnoen, hata kama huoni bahari, unatembea ufukweni.

Juu ya mchanga huohuo ndipo lilipo hekalu la Wat Phra Mahathat. Jamani, nimeona mahekalu mengi hapa Bangkok mpaka nikayazoea, lakini lile lilininyamazisha. Mnara wake mkuu, wenyewe wanaita chedi, ni mweupe, una umbo la kengele iliyowekwa chini, unapanda zaidi ya mita 50, na ncha yake imevishwa dhahabu halisi. Watu wa pale watakwambia mnara huo hauna kivuli. Washkaji wawili walizunguka nusu saa wakikitafuta, teh teh teh. Dada mmoja alikuja na blauzi isiyofunika mabega, akatoa kanga kwenye begi akajitanda, mambo yakaisha. Bibi mmoja wa Kithai akaja kuishika ile kanga pindo na kuuliza bei. Wale walioleta kaptula fupi walibaki nje wakinywa maji ya madafu, shauri yao.

Umbo lile la kengele lilitoka Sri Lanka pamoja na watawa. Zamani hapa palikuwa na dola iliyoitwa Tambralinga, na mfalme wake Chandrabhanu alivuka na jeshi kwenda kuivamia Sri Lanka mwaka 1247. Sijui mnaelewa ukubwa wa jambo hilo: mtu anatoka huku na merikebu za tanga hadi kule kwenda kupigana. Dini ikapita njia hizohizo za bahari. Jiwe la maandishi la mfalme Ramkhamhaeng wa Sukhothai, linalopewa mwaka 1292, linasema mkuu wa watawa aliyeheshimiwa kule kaskazini alitoka Nakhon. Yaani dini ya nchi hii ina deni kwa mji ambao wenzetu wengi darasani hawajawahi kukanyaga.

Na hadithi za pale hekaluni zimejaa bahari. Wanasimulia kwamba jino la Buddha lililozikwa pale lililetwa na mwana na binti wa mfalme ambao chombo chao kilizama. Kila mwaka, sikukuu ya Makha Bucha, watu hubeba begani kitambaa kirefu mno, msururu mzima barabarani, wakaenda kukizungushia mnara. Nacho wanasema cha kwanza kilisukumwa na mawimbi hadi pwani ya Pak Phanang, kikiwa kimechorwa maisha ya Buddha, baada ya mahujaji kupata ajali majini. Sisi tuliokulia pwani hadithi za namna hii hatuhitaji kufafanuliwa.

Fukwe nitapita haraka maana picha mliziona. Khanom ni pazuri, patulivu, mchanga mrefu na watu wachache, na pomboo wa pinki wapo kweli. Huzaliwa wa kijivu, wakikua ndipo rangi inageuka. Tulikodi boti asubuhi tukawaona watatu. Lakini sikufurahia jinsi boti nne zilivyowazunguka kwa wakati mmoja, na yetu ikiwemo. Nilitaka kusema kitu, nikakumbuka nimeshalipa, nikanyamaza. Tuendelee.

Maporomoko sasa. Nyuma ya mji kuna mlima Khao Luang, mrefu kuliko yote kusini mwa Thailand, kama mita 1,800, na maji mengi ya mkoa yanaanzia huko. Tulikwenda Krung Ching. Unatembea msituni kama kilomita 4, ruba wanakupanda miguuni (mtu mmoja, simtaji, alilia), halafu unaanza kushuka ngazi ambazo haziishi. Kule chini maji yanadondoka ukutani kwa kishindo mpaka vumbi la maji linakulowesha ukiwa bado mbali. Msitu huo miaka ya 1970 ulikuwa maficho ya wapiganaji wa kikomunisti, na ukiuona unaelewa kwa nini iliwasumbua wanajeshi. Hapo wote tulikuwa na furaha. Nawakumbusha, wote.

Siku ya nne ndiyo nikakodi haisi, nikawapeleka Kathun.

Kathun iko wilaya ya Phipun, upande wa pili wa mlima. Kuna bwawa kubwa, milima ya kijani imelizunguka, ukungu asubuhi, vibanda vya kahawa. Wathai wengine wanapaita Uswisi ya Thailand. Tulifika, watu wakaruka juu, wakapiga picha za kuruka, wakapiga za mmoja mmoja, wakapiga za mawigi yakipepea. Mwenzetu wa Kithai aliyetusindikiza alikuwa anaongea na mzee muuza kahawa. Tulimwamkia kwa kumwita lung, ndivyo wanavyomwita mtu mzima wa rika la wajomba. Mzee akanyoosha kidole kuelekea katikati ya maji, akasema maneno machache. Mwenzetu akachelewa kutafsiri. Kisha akasema: anasema nyumba ya dada yake ilikuwa pale. Mzee akauliza ni nani aliyetaka barafu kwenye kahawa yake.

Mwezi Novemba 1988 mvua ilinyesha siku kadhaa mfululizo. Miteremko ya juu ya Kathun ilikuwa imefyekwa msitu na kupandwa mipira, na mingi ilikuwa michanga, mizizi haijashika. Udongo ukaachia. Ukashuka usiku pamoja na mawe na magogo, ukafunika kijiji. Kusini nzima walikufa watu mamia katika mafuriko ya siku hizo, na Kathun ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa. Nchi ilishtuka kiasi kwamba Januari 1989 serikali ilifuta vibali vya kukata magogo katika misitu ya asili, Thailand nzima. Baadaye bondeni pale likajengwa bwawa. Ndilo lile tulilokuwa tunalirukia.

Kiswahili chetu kinatumia neno moja kwa vyote viwili, maporomoko ya maji na maporomoko ya ardhi. Siku mbili tu zilipita kati ya haya na yale, mlima ni uleule, na mvua ni ileile inayofanya Krung Ching ingurume.

Basi ndipo ugomvi ulipoanza. Dada mmoja alikaa kwenye haisi akafuta picha zake zote. Kaka mmoja, na ana haki ya kusema, akaniambia mbele ya watu: "Tumebana posho miezi mitatu, wewe unatuleta msibani?" Mwingine akaniuliza swali moja tu: "Ulikuwa unajua?" Nikasema ndiyo, nilikuwa nimesoma. Akageuka dirishani, na tangu hapo mpaka Bangkok hakuniambia kitu. Kwa kweli lile la posho halikuniuma. Hili la pili ndilo linaniamsha usiku.

Kwa sababu ana haki. Nilijua, na sikusema. Nilijidanganya kwamba nataka wajionee wenyewe, kumbe niliogopa kwamba nikisema mapema hakuna atakayechangia nauli. Nikawauzia mahekalu, fukwe na maporomoko, halafu nikawaacha waruke juu ya makaburi ya watu mbele ya kaka wa marehemu. Matangazo ya utalii yanaficha ili yauze. Nami nilifanya hivyohivyo, na walau wao hawakuwa rafiki zangu. Naombeni radhi, na naiomba hapa ambapo wote mnasoma, siyo pembeni.

Lakini sikubali hitimisho mnalolitoa, kwamba kwa hiyo twende Phuket tukapumzike na mambo ya vifo. Phuket ilipigwa na tsunami Desemba 2004, mmesahau? Hakuna pwani huku isiyo na yake. Hata Nakhon kwenyewe, rasi ya Talumphuk ilisombwa na dhoruba Harriet Oktoba 1962, na kusini walikufa zaidi ya watu 900. Mkitaka kukimbia sehemu zenye misiba mtabaki hosteli, na hosteli yenyewe ina feni yangu.

Tena yule mzee hakutufukuza. Nimemfikiria sana. Anauza kahawa palepale, kwa watu walewale wanaokuja kupiga picha, na anataka waje, maana ndiyo riziki yake. Hakutusimulia ili tuone aibu. Aliulizwa kwao ni wapi, akaonyesha. Sisi ndio tulioifanya aibu, kwa kuwa ilitukuta tukiwa hatuna habari. Mtu anayejua anaweza kunywa kahawa pale, akapiga picha yake akiwa ametulia, na akamsalimia mzee vizuri.

Na kuna sehemu ambayo tuliikosa kwa sababu ya kununiana, nayo ni Kiriwong. Ni kijiji chini ya Khao Luang, wilaya ya Lan Saka, si mbali na mjini. Mafuriko ya 1988 yaliwafikia nao. Wanasifiwa kuwa na hewa safi kuliko kijiji chochote Thailand, ila mie kinachonivuta ni mashamba yao. Hawapandi zao moja mlima mzima. Wanachanganya doriani, mangostini, shokishoki na miti mingine mirefu kwa mifupi, mizizi ya kina tofauti, shamba linafanana na msitu. Mtu aliyewahi kupita mashamba ya Unguja atajiona nyumbani. Haisi ilikuwa ipite huko siku ya tano. Badala yake tuliwahi stesheni tukakaa saa sita tukitazamana.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Twende Nakhon, na safari hii kila anayechanga anajua anakwenda wapi, ndiyo maana nimeyaandika yote hapa kabla ya kura. Tusiende Novemba wala Desemba, upande ule wa ghuba ndiyo miezi ya mvua kubwa na njia za mlimani si za kuchezea. Kuanzia Februari hadi Aprili ni salama zaidi, na Februari au Machi tunaweza kukuta kitambaa kikizungushwa hekaluni. Pomboo tuwatazame kutoka mbali au tuache. Kathun asiyetaka asishuke kwenye gari, hakuna atakayemsema. Mie nitashuka, nataka kununua kahawa kwa yule mzee na kumwamkia kama inavyotakiwa. Mtu mwingine apange ratiba, siyo mie. Nitabeba mabegi.

Na kwa yule aliyegeuka dirishani, najua unasoma hapa kila wiki hata kama huachi maoni. Kiti cha pembeni yangu kwenye treni nitakiacha wazi, ukitaka.

Kikao ni Ijumaa saa kumi na mbili jioni, chumba cha kusomea ghorofa ya pili. Wa kuchelewa wasije kulalamika kwamba hawakuhesabiwa. Naomba kuwasilisha.