Akiba Nyingine Huoza

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Nimeifundisha methali hiyo miaka mingi na kuuchanganua muundo wake ubaoni mbele ya wanafunzi wa isimu, wala sikuwahi kuitilia shaka hadi mvua za Aprili 2024 zilipoleta mafuriko Nairobi na viungani mwake. Hapa Kiuu maji yaliingia katika nyumba ya marehemu mamangu, yakapita chini ya mlango wa chumba chake cha kulala na kutulia mvunguni mwa kitanda. Nilipoinua shuka nilikuta magunia manne yamelowa chapachapa. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya kiada, madaftari na mapazia ya zamani. Karatasi zilikuwa zimeshikana kama ugali uliolala. Harufu iliyotoka humo ilikuwa ithibati tosha: akiba ilikuwa imeoza, na haikuwa imeanza kuoza siku hiyo.

Mamangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30. Alipofariki mwaka wa 2021, sisi watoto wake watatu tulikifunga chumba chake kwa kufuli, tukaambiana kwamba vitu vyake tungevipanga baada ya matanga. Matanga yakaisha, mwaka ukaisha, na wa pili nao ukaisha. Kila mmoja wetu alikuwa na udhuru. Dada yangu, ambaye ndiye aliyebaki katika nyumba hiyo, alisema hana moyo wa kukifungua. Kaka yangu alisema yuko mbali. Mimi nilisema nasahihisha mitihani, kisingizio ambacho mhadhiri hakikosi mwaka mzima. Wakati huo wote mpwa wangu, kijana wa shule ya upili, alikuwa akilala sebuleni juu ya kochi, na kazi zake za shule akizifanyia kwenye meza ya chakula huku runinga ikimnguruma masikioni. Kwa maneno mengine, magunia yalikuwa na chumba na mtoto hakuwa nacho.

Anayepajua hapa petu ataelewa uzito wa jambo hilo. Kiuu ni wadi ya eneobunge la Ruiru, upande ule wa Githurai uitwao 45 kwa nambari ya basi lililokuwa likifika huku. Majumba yamebanana hata jirani akikohoa wewe ndiwe uombaye maji. Chumba kimoja ni makao ya familia nzima. Hata hivyo, ukikaribishwa ndani utaona makatoni yamepandana juu ya kabati hadi darini, beseni lililotoboka limejificha chini ya kitanda, na nyuma ya mlango ipo redio iliyonyamaza zamani. Mamangu alikuwa na mfuko mmoja uliojaa mifuko ya plastiki, aliyoikusanya kabla ya serikali kuipiga marufuku Agosti 2017. Sheria ilipokuja hakuitupa. Aliificha, nadhani akiogopa kwamba askari wangekuja kuikagua jikoni kwake.

Si haki kuwacheka watu wa rika lake. Waliuona ukame wa 1984 na wakapanga foleni za mahindi ya manjano yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Mwaka uliofuata mfumo wa elimu wa 8-4-4 ukaanza, na vitabu vya zamani vikawa havifai kwa siku moja. Kabla ya mwongo huo kwisha, serikali ikawataka wazazi wachangie gharama za elimu, na kitabu cha kiada kikawa ni cha kununuliwa kwa fedha za mfukoni mwa mzazi. Katika nyumba yetu kitabu kimoja cha hesabu kilisomwa na watoto watatu, kikafungwa jalada la gazeti kila Januari, kisha kikaazimwa na watoto wa jirani. Mtu aliyeishi hivyo akiambiwa atupe kitabu, huwa ameambiwa autupe mkate. Kuhifadhi hakukuwa ugonjwa wa moyo. Kulikuwa akili.

Ila sababu iliondoka na magunia yakabaki. Elimu ya msingi bila malipo ilikuja Januari 2003. Mwaka wa 2018 serikali ilianza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni. Mtaala wa Umilisi ukaingia katika madarasa ya chini mwaka wa 2019, na mtihani wa mwisho wa KCPE ukafanywa 2023. Vitabu vilivyokuwa chini ya kitanda cha mamangu vilikuwa vikimngojea mwanafunzi ambaye hatazaliwa tena.

Huko ughaibuni kumezuka wataalamu wa kupunguza vitu nyumbani. Anayesifika zaidi ni Mjapani Marie Kondo, ambaye kitabu chake kilichapishwa mwaka wa 2011 na kusambaa duniani kilipotolewa kwa Kiingereza miaka mitatu baadaye. Yeye humshauri mtu akishike kila kitu mkononi na kujiuliza kama kinampa furaha. Kisichompa furaha akiage. Ushauri huo una hekima yake, lakini kwa maoni yangu umekatwa kwa kipimo cha mtu awezaye kwenda dukani kesho kununua kingine. Ndoo ya lita 20 haimpi mtu furaha yoyote hadi siku mfereji ukaukapo. Sisi hatuhitaji kuulizana juu ya furaha. Swali linalotufaa liko katika sarufi yetu wenyewe.

Kiswahili hakina kitenzi asilia cha umiliki. Kitenzi cha kumiliki tumekikopa kutoka Kiarabu, na nomino mali vivyo hivyo. Katika usemi wa kila siku tunasema nina kitabu, na ukiyapima maneno hayo sawasawa utaona yanasema tu kwamba mimi niko pamoja na kitabu. Ile na ni ile ile inayounganisha baba na mama. Kikuyu cha mamangu kina muundo huo huo, na lugha nyingi za Kibantu pia. Huwaonya wanafunzi wangu kila mwaka wasiitwae sarufi wakaifanya falsafa ya watu, na nakiri kwamba hapa nakaribia kulitenda kosa hilo. Lakini kwa kuwa leo hatuko darasani, naomba ruhusa ya kuuliza: magunia yale, je, tulikuwa nayo? Mtu huwa na kitu anachokitumia, anachojua kiko wapi, ambacho kikipotea atakikosa. Sisi tulikuwa na kufuli tu.

Hebu tulitazame na neno ukumbusho. Limetokana na kitenzi kumbusha, na kitenzi hicho hakikamiliki bila mtendwa: lazima awepo anayekumbushwa. Kitu kilichofungiwa gizani hakimkumbushi mtu yeyote. Dada yangu alipokuwa akikataa kuufungua mlango alidhani analinda kumbukumbu ya mama, kumbe alikuwa anaikimbia, nami vilevile.

Nategemea hapo mwalimu mmoja wa historia atanyanyua mkono kupinga. Atauliza, je, kama watu wa kale wangetupa kila kilichochakaa, tungeyapata wapi mashairi yetu ya kale? Ni hoja nzito. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka wa 1728, na tungo nyingi za aina hiyo zimetufikia kwa sababu jamaa za Pate na Lamu walikuwa na hati za Kiarabu majumbani mwao. Walakini hewa ya kisiwani ina unyevu na wadudu hawana simile kwa karatasi. Kilichoziokoa tungo hizo si sanduku peke yake. Ni wanakili kama Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka wa 1945, waliokuwa wakiziandika upya na kuwapa wengine, na ni waliozighani mbele ya watu. Mwana Kupona alimtungia bintiye utendi wake mwaka wa 1858. Bila shaka mke wa mkuu wa Siu alikuwa na vyombo na vitambaa vya thamani, lakini hakuna anayeviulizia leo. Tunacho alichomtaka bintiye ajifunze.

Vivyo hivyo, wanaoitaja methali ya kutotupa mbacha kwa msala upitao waisome hadi mwisho. Inatuonya tusikiache chetu kwa ajili ya kigeni kisichodumu. Haituamuru tuweke mbacha kumi na tukose pa kulala.

Turudi chumbani. Kazi ilituchukua Jumamosi tatu, na ya kwanza tuliipoteza yote kwa kilio na chai. Ya pili dada yangu alitoa pendekezo ambalo nalisifu hadi leo: kila mtu aokote kitu na kusimulia habari zake kwa watoto, na kisicho na msimulizi kiondoke. Kiondo kilikuwa na habari ndefu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la 1981, ilikuwa na habari ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeisahau: mama aliinunua kwa mshahara wa mwezi mmoja aliochelewesha kodi. Kiondo kilikwenda kwa binti ya kaka yangu na sasa kinabeba vitabu vyake. Kamusi iko mezani pangu na naifungua. Mapazia hayakuwa na msimulizi. Nguo nyingine zilichukuliwa na majirani aliowapenda, na zilizosalia tukampa mchuuzi wa mali kwa mali, akatupa mabeseni mawili. Kaka yangu alicheka, akasema tumetoa mzigo tukaingiza mzigo.

Zilibaki karatasi za makatoni ya juu, ambazo maji hayakuzifikia. Rejista zenye majina na alama za watoto tulizichoma, kwani siri za wanafunzi si za kufungia maandazi. Insha bora ambazo mama alikuwa akiziweka tangu miaka ya 1990 zilijaa katoni mbili. Hapo tulikosea. Baada ya kuchelewa miaka mitatu tukashikwa na haraka ya saa moja, tukamuuzia zote mnunuzi wa karatasi kuukuu kwa kilo.

Wiki mbili baadaye nilikuwa sokoni Githurai, karibu na reli, nikanunua njugu za shilingi ishirini. Nilipozimaliza niliikunjua karatasi. Ilikuwa insha ya mwanafunzi wa darasa la sita kuhusu siku ng'ombe wao alipopotea, na pembeni kwa wino mwekundu palikuwa na mwandiko ninaoufahamu kuliko wangu: "Vizuri sana. Lakini ng'ombe alipatikana?" Nilisimama pale nikahisi nimemuuza mamangu kwa kilo. Muuzaji aliniona nimeduwaa.

"Mwalimu, kwani njugu zilikuwa na mawe?"

Nikamweleza. Alifikiri kidogo, kisha akaniambia kwamba huzisoma karatasi hizo wakati wateja wamepungua, na kwamba ile ya ng'ombe aliisoma mara mbili kabla ya kuikunja. Akaniuliza swali lile lile la mama. Sikuwa na jibu, maana ukurasa wa pili ulikuwa umekwenda na mteja mwingine.

Sikuirudisha karatasi ile katonini. Iko juu ya meza ya mpwa wangu, katika chumba ambacho sasa ni chake, na amekwisha kuandika mwisho wake mwenyewe ambamo ng'ombe anapatikana Mwihoko akila sukuma wiki za chifu.

Waalimu wenzangu, nami nina la kuungama. Hata baada ya hayo yote, kabatini mwangu kuna sanduku la viatu lenye kanda 26 za kaseti. Nilizirekodi mwaka wa 2004, nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili, kule Vanga katika pwani ya kusini, nikiwahoji wasemaji wa lahaja ya Kivumba. Nilichukua humo sentensi nilizozihitaji kwa tasnifu, nikapata shahada, nikazifungia. Kwa miaka 20 nimezihamisha kutoka nyumba hadi nyumba nikiziita hazina yangu. Binti yangu aliniuliza juzi, "Baba, hawa wanaozungumza humu ni kina nani?" Nikamwambia ni wazee fulani. Akauliza kama watoto wao wamewahi kuwasikia.

Wengi wa wazee hao wamekwisha kufariki. Sauti zao hazikuwa zangu kuzilimbikiza. Nimempata fundi wa Githurai aliyenitengenezea kinasa sauti cha zamani, na mpwa wangu anajua namna ya kuzihamishia kwenye kompyuta. Tumekwisha kumaliza kanda tisa. Ya tatu ilikuwa imeshika ukungu na upande wake wa pili hausikiki. Nakala tunazitenga kwa majina ya wazee, kila jamaa na yake, na likizo ya Agosti nitashuka Vanga kuzipeleka.