Asiyelala Halishwi kwa Unga Peke Yake

Jumapili iliyopita nilimsikia mhubiri akisema wakimbizi wa Kigoma wanahitaji unga na maombi basi, kwamba sonona na washauri ni mambo ya Wazungu walioshiba. Waumini wakaitikia "Amina!" Nilitoka kanisani nikiwa na hasira.

Kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika. Nilimkuta huko mama mmoja wa Fizi, Kongo, anayejilaza bila usingizi na nguo zake zote, kanga imekazwa kiunoni, furushi liko mlangoni. Alikimbia miaka mingi iliyopita, ila bado yuko tayari kukimbia. Siku ya mgao haendi. Kadi anayo, unga upo, lakini wanaume wakianza kusukumana kwenye foleni anatetemeka mwili mzima na kurudi nyumbani mikono mitupu. Sasa huo unga unaosifiwa utamfikiaje? Mtu asiyelala wiki nzima hapiki, halimi, mtoto akilia hamsikii. Mnaosema chakula kwanza, mjue ugonjwa huu humnyima mtu hicho hicho chakula.

Halafu linakuja lile jibu lililochakaa: babu zetu walipita vita na njaa bila mshauri. Si kweli hata kidogo! Babu zetu walikaa matanga. Ndugu walilala msibani, wanawake wakalia pamoja, wazee wakamkalisha mfiwa wakazungumza naye mpaka akarudi kula. Mkimbizi amemfukia mwanawe kando ya njia, akaendelea kukimbia. Nani alimwekea matanga?

Wala msiniambie ushauri ni ghali. Katika makazi ya Rhino, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wanawake wa Sudan Kusini walikutana kwa vikundi, vikao 5, wakisikiliza mafunzo yaliyorekodiwa kwa lugha yao. Walioendesha vikao hawakuwa madaktari, ni watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha dhiki yao ilipungua.

Sisi Tanzania tunaongeza chumvi kwenye kidonda. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamzuia mkimbizi kutoka kambini bila kibali. Mtu mzima mwenye nguvu zake anakaa kungoja kupimiwa maharage, mwaka baada ya mwaka, kisha tunamwita mvivu.

Nawaomba mnaopanga bajeti za kambi: fedha za washauri zisiwe za kwanza kukatwa. Na siku ya mgao wekeni foleni ya pili, fupi, ya wanawake, na mtu wa kuwafuata majumbani wale wasiotokea.